Ukiland Isich Kutafuta RAM, Fungua Mashine Kwanza

Kaunta yoyote ya kompyuta utasimama Isich, yaani Islii ya Nairobi, swali ya kwanza utarushiwa ni hii: "RAM ya ngapi, bosi?" Na mayut wengi hujibu papo hapo, "Ya nane," juu hiyo namba ndio wanajua. Muuzaji anaingiza mkono kwa droo, anatoa kastiki ka kijani, anataja bei, mnavutana kidogo, unalipa na M-Pesa, unaishia. Ukifika kejani ndio unashtuka: hakuna mtu alikuuliza mashine yako ni gani.

Sasa skia. GB ndio kitu ya mwisho kubonga. Kwanza ni madabodi. Madabodi ndio inaamua ni DDR gani, ni ile ndefu ama ile fupi, spidi inaishia wapi, na sloti ziko ngapi. Ukishajua hizo, GB inajipanga yenyewe kulingana na chapaa iko kwa mfuko. Ukianza na GB, unaweza kutoka na stiki safi kabisa, orijino, yenye haina dhambi yoyote, na bado isiingie kwa mashine yako hata ukiomba dua.

Na mashine zenyewe tunazijua. Msee wa hapa Islii akisema anajenga PC ya gemingi, mara nyingi hamaanishi ile ya YouTube yenye kioo ubavuni na taa za rangi saba. Anamaanisha HP EliteDesk ama Dell OptiPlex ya Ex-UK: ilikuwa chini ya meza ya karani fulani majuu, ikachoka, ikapakiwa kontena, ikapita Mombasa, ikaland Nairobi na stika ya kampuni bado iko mgongoni. Saa hii hizi mashine ziko mob, na kuna sababu. Microsoft walikata saapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi inadai Intel kuanzia kizazi cha nane. Makampuni ya huko yenye yalikuwa na kizazi cha sita na cha saba yanazitoa. Kwao ni mzigo. Kwa chali wa Section Three mwenye anataka tu kurusha GTA V na FC bila kulipia kila gemu kwa kibanda cha PS, i5 ya hizo mashine bado iko na miaka.

Tuelewane pia kuhusu mtaa. Isich si Luthuli. Luthuli Avenue huko tao ndio kwa elektroniki tangu kitambo, na Moi Avenue utapata RAM mpya ndani ya pakiti. Isich ufalme ni wa nguo, viatu, mapazia, dhahabu na simu. Kompyuta ziko, lakini zimejibanza floo za juu, katikati ya wauza kava na mafundi wa skrini. Unadandia mat ya 6 ama 9, unashuka, unaruka mikokoteni na nduthi za First Avenue, unaingia moli, unapanda. Hii form ya vijiduka vimebanana ndani ya jengo moja ilianza na Garissa Lodge: ilikuwa lojing ya kawaida, halafu mwanzo wa miaka ya 1990 wakimbizi wa Somalia wakaingia, vyumba vikageuka maduka, mzigo ukauzwa hapo hapo kando ya kitanda. Leo kuna BBS Mall na eskaleta zake, lakini kaunta bado ni ya kioo, duka bado ni dogo, na bei bado ni ya kuongea.

Hiyo kuongea ndio inanifanya nipende Isich kwa vitu za mitumba ka RAM. Mwenye duka anajulikana, jirani yake anaskia kila kitu, na akishakuambia "walaal, ikidinda rudisha," hiyo neno iko na uzito kushinda risiti nyingi za tao. Lakini panga siku yako. Ijumaa mchana usijisumbue, watu wako Jumaa na maduka zimefungwa. Ramadhani nayo mchana ni pole pole. Usiku ndio mtaa unaamka.

Kabla utoke kejani, fungua mashine. Hizi za ofisi nyingi hazidai hata bisibisi, kuna kishikio unavuta na kifuniko kinatoka. Zima, chomoa waya ya stima, gusa chuma ya boksi ndio umeme wa mwilini utoke, halafu fungua vile viklipu viwili na utoe stiki iko ndani. Ipige picha pande zote mbili. Piga picha pia sloti zenyewe, ziko ngapi na rangi gani, na ile stika ya jina la mashine. Ukiwa na hizo picha kwa simu, muuzaji hakuchezi.

Sasa vizazi. DDR3 ilitoka 2007, kanuni za DDR4 ziliandikwa 2012 na ikafika kwa mashine za watu 2014, DDR5 ikaandikwa 2020. Za desktopu: DDR3 iko na pini 240, DDR4 na DDR5 zote 288, lakini kale kakato ka chini kamesongezwa kila kizazi, makusudi kabisa, ndio usilazimishe. Umeme nao umeshuka, volti 1.5, kisha 1.2, kisha 1.1. Ukiona stiki imedinda kukaa, usiipige na kiganja. Uko na kizazi cha wenyewe. Kuna njia ya macho pia: DDR4 ukiiinua kwa mwanga, ukingo wa pini umejipinda kidogo, katikati imeshuka kuliko pembeni. DDR3 imenyooka.

Kwa majina ya mtaani, EliteDesk 800 G1 na OptiPlex 9020 ni kizazi cha nne cha Intel, DDR3 ya 1600. EliteDesk 800 G2 na OptiPlex 7040 ni cha sita, DDR4 ya 2133. EliteDesk 800 G3 na OptiPlex 7050 ukizipata na prosesa ya kizazi cha saba, DDR4 inafika 2400. Hapo ndio msee hudhani ameshachanuka: kizazi cha sita ni DDR4, imeisha hiyo. Zii. OptiPlex 3040 na 5040 ni kizazi cha sita na zinakula DDR3L. Hiyo L ni ya volti ya chini, 1.35. Stiki ya DDR3L inaingia kwa mashine ya DDR3 ya kawaida bila noma, lakini usirudishe DDR3 ya volti 1.5 kwa hizo 3040, juu kontrola ya hiyo prosesa iliundiwa DDR3L. Muuzaji akisema "zote ni DDR3, weka tu," mwambie akuonyeshe hiyo L kwa stika.

Dell wana kituko kingine. Kuna OptiPlex 7010 ya 2012, kizazi cha tatu, DDR3. Halafu 2023 wakachukua jina hilo hilo, 7010, wakaliweka kwa mashine mpya yenye haina uhusiano wowote na DDR3. Kwa hivyo ukimtumia mtu WhatsApp "niko na 7010, nataka RAM," mnaweza bonga nusu saa kila mtu akiwa na mashine yake kichwani, na zimeachana miaka 11.

Halafu kuna tule tumashine tudogo twa kushikilia nyuma ya monita. Hutu tunatumia RAM ya laptopu, SODIMM, ile fupi. Hata 800 G1 yenyewe iko na ndugu mwembamba sana, USDT, mwenye anatumia SODIMM, na tawa yake na ile ya saizi ya katikati, SFF, zinatumia ile ndefu. Jina ni moja kwa stika, kwa hivyo kutaja "800 G1" pekee haitoshi, sema na umbo.

Stika ya RAM nayo watu huiruka, na ndio imebeba ukweli wote. Chukua hii: 8GB 1Rx8 PC4-2400T-UA2-11. PC4 ni DDR4; PC3 ingekuwa DDR3, na PC3L ile ya volti ya chini. 2400 ni spidi. 1Rx8 inakuambia chipu zimepangwa safu moja na kila chipu ni ya upana wa biti 8. Halafu kuna ile herufi baada ya kistari, hapo kwa UA2, na me huiangalia kabla hata ya GB. U ni ya desktopu ya kawaida. S ni SODIMM ya laptopu. E ni ya ECC, ile ya kujirekebisha makosa. R ni ya seva. Kwa DDR3 herufi imebandikwa mwisho wa namba, PC3-12800U. Hiyo 12800 isikutishe, ni megabaiti kwa sekunde: 1600 mara baiti 8. DDR3 ya 1600, basi.

Hiyo R ndio imekula mayut doo mob. Seva zikistaafu, stiki zao hutupwa sokoni kwa bei ya chini juu hakuna mtu wa kawaida anazihitaji, na ni kubwa, 16GB, 32GB. Msee anaona 16GB kwa bei ya nane, macho yanawaka. Anafika kejani, inaingia kwa sloti tamu kabisa, kakato kako sawa, anawasha, skrini nyeusi. i5 ya ofisi haiongei na RAM ya R, haitawahi. Ukitaka kuijua bila kusoma, hesabu chipu. Stiki ya kawaida upande mmoja huwa na nane, ama nne zikiwa pana. Ukiona ya tisa, na juu yake kuna kachipu kengine kamekaa katikati peke yake, rudisha kwa droo.

Kuna ingine ya DDR3, na hii ni mpya, iko kwa pakiti, inang'aa, ndio maana inashika watu. 8GB moja, bei tamu kuliko 8GB ya mitumba. Kwa kona ya pakiti imeandikwa ni ya AMD. Hiyo si matangazo. Zinaundwa na chipu za upana wa biti 4, na kontrola za Intel za hizo enzi hazizielewi hizo. Kwa bodi ya AMD ya zamani itachapa kazi. Kwa EliteDesk 800 G1 itadinda. Na hautamshtaki mtu, juu imeandikwa.

Spidi nisiikalie sana. Bodi ya ofisi imefungwa. Ukiweka stiki ya 3200 yenye mabawa ya aluminiamu kwa i5 ya kizazi cha sita, itakubali, itashuka mpaka 2133 na kukaa hapo. Zile mabawa na taa umezilipia bure. Ukiwa na stiki mbili za spidi tofauti, zote zitatembea na ile ya polepole. Mambo inabadilika tu ukijenga yako, tuseme bodi ya AM4 na Ryzen 5 5600G. Hapo 3200 iko na maana, lakini lazima uingie BIOS uwashe XMP, ama hizo stiki zitakaa kwa spidi ya kuzaliwa na hautawahi jua.

Na tafadhali, kabla uanzishe vita kwa kaunta: programu ya CPU-Z ikikuonyesha 1200 na ulilipia 2400, haujauziwa feki. DDR hubeba data mara mbili kwa kila mpigo wa saa, na CPU-Z inahesabu mipigo. Zidisha na mbili. Nimeskia watu wakipigiana kelele juu ya hiyo kitu floo nzima inawaangalia.

Sasa tukae hapa kidogo, juu hapa ndio doo ya msee amesota inapoteleanga. Mashine nyingi za hizi unazipata na stiki moja, 8GB, sloti zingine ziko uchi. Bila kadi ya grafiki, picha zote za gemu zinachorwa na ile grafiki imejengwa ndani ya prosesa, HD 4600 kwa kizazi cha nne, HD 530 kwa cha sita, HD 630 kwa cha saba. Hiyo grafiki haina memori yake. Inakunywa kutoka kwa RAM, foleni moja na prosesa. Stiki moja ya DDR4 ya 2400 inapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde, na hiyo wanagawana wote wawili. GTX 1050 Ti, ambayo si kadi ya matajiri, iko na 112 zake peke yake. Unaona venye grafiki ya ndani imekalia njaa.

Ukiongeza stiki ya pili kwa chaneli ya pili, 19.2 inakuwa 38.4. Stiki moja ni mat ya mlango mmoja jioni pale Pangani: viti ziko, watu wako, lakini kila mtu anangoja mwenye yuko mbele ashuke. Stiki ya pili inafungua mlango wa nyuma. Kwa prosesa peke yake tofauti unaweza usiione ukifungua Word. Kwa gemu inachorwa na grafiki ya ndani, hiyo ndio tofauti ya kitu inachezeka na kitu inahangi ukikata kona.

Kwa hivyo 4GB mbili zinashinda 8GB moja, na 8GB mbili zinashinda 16GB moja. Hapa wauzaji wengine watakubishia, wakuambie "chukua moja kubwa, uache sloti ya kesho." Kwa mtu wa ofisi hiyo ni ushauri poa. Kwa gema asiye na kadi, hapana, na sitabadilisha msimamo. Kesho yako utaijua kesho. Ukipata 4 na 8, usilie: Intel inachukua 4 ya kwanza kwa kila upande inazitembeza kwa chaneli mbili, ile 4 imebaki inaenda peke yake. Si mbaya. Cha kuangalia ni kuziweka kwa sloti sawa, juu bodi ya sloti nne ukiziweka zote chaneli moja umerudi pale pale. Fuata rangi za sloti na ule mchoro umebandikwa ndani ya kifuniko, halafu thibitisha kwa CPU-Z upande wa Memory. Na jua dari yako: 800 G1 tawa na SFF ziko na sloti nne, mwisho 32GB, OptiPlex 3020 iko na mbili tu, mwisho 16GB.

Ngapi basi? Sasa ndio tumefika kwa swali ya kaunta. Valorant inaanzia 4GB. Counter-Strike 2 inadai 8. FC 25 inadai 8 ya chini na inapendelea 12. Tekken 8 ni 8 ya chini, 16 ya kupumua. Kumbuka grafiki ya ndani inajikatia sehemu yake kwa hiyo hiyo RAM, na Windows nayo lazima ikule, na wewe hutafunga Chrome, tunakujua. Nane ya 4 na 4 ni ya kuanza. Kumi na sita ya 8 na 8 ndio ya kutulia. Thelathini na mbili kwa i5 ya kizazi cha nne ni sifa. Na ukiwa umewekewa Windows ya biti 32, na bado zinazunguka kwa mashine kuukuu, hata uweke ngapi itakuonyesha chini ya 4 tu. Weka ya biti 64 kwanza.

Na usidhani fremu zenye hiyo RAM inakupa ni mambo ya kujigamba. Uliza watu wa Tekken. Sylvia Gathoni, mwenye wasee wa gemu wanamjua kaa QueenArrow, alisainiwa na timu ya Marekani 2018 kwa hiyo gemu, akitokea hapa hapa Kenya. Tekken imefungwa kwa fremu 60 kwa sekunde, na PC ikishindwa kuzifikisha gemu yenyewe inapunguza mwendo. Ukiwa na stiki moja na grafiki ya ndani, konde yenye ulikuwa umeizoea inafika ikiwa imechelewa, na mpinzani wako huko mtandaoni anakuchukia kwa sababu ya droo ya mtu wa floo ya tatu.

Kuna memori ingine yenye watu husahau ni memori: ya kadi. Boksi za SFF zinaingia kadi fupi tu, na pawa saplai zao mara nyingi hazina waya ya ziada, kwa hivyo kadi inakula kutoka kwa sloti peke yake, wati 75 mwisho. Hapo kila mtu anakimbilia GT 1030. Tulia. Kuna GT 1030 mbili. Ya 2017 ina GDDR5, gigabaiti 48 kwa sekunde. 2018 ikatoka ingine, jina lile lile, na DDR4, gigabaiti 16.8. Kitu kaa theluthi moja, ukihesabu. Boksi zinafanana, bei hazipishani sana, na muuzaji mwenyewe anaweza kuwa hajui. Soma upande wa boksi. Ikiwa ni ya DDR4, afadhali hiyo doo uiweke kwa stiki ya pili ya RAM na uchoree kadi mpaka upate GTX 1050 Ti ama GTX 1650 ile fupi.

Bei sasa. Kuanzia mwisho wa 2025 RAM imepanda dunia nzima, na sababu haiko Isich wala kwa dola pekee. Karibu RAM yote ya dunia inatoka kwa kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na hizo viwanda sasa zinakimbiza memori za seva za akili bandia, kwa sababu huko ndiko kuna pesa ndefu. DDR4 ilikuwa tayari inapunguzwa viwandani mwaka huo huo. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron wakatangaza wanaacha biashara ya Crucial, ile RAM yao ya kuuzia watu wa kawaida. Kwa hivyo muuzaji wa BBS akikuambia "abti, mzigo umepanda," usimwite mwizi haraka. Anasema ukweli, na ameongeza kidogo juu yake pia, hiyo ni biashara.

Ujanja wa wakati ka huu ni kununua RAM yenye iko ndani ya mashine. Kontena la Ex-UK lilinunuliwa kaa mashine nzima, na muuzaji mara nyingi anataka boksi itoke tu. Ile OptiPlex 7050 yenye 16GB ndani mara nyingi itakuwa nafuu kuliko 7050 ya 4GB na wewe ukatafute 12 zingine kando. Na kuna kitu tamu kwa kaunta za Isich: watu wakibadilisha 4GB kuweka 8GB, zile nne zinabaki kwa droo. Hakuna mtu anazitaka. Mwambie, "Adeer, hii nane moja nakurudishia, nipe nne mbili zenye zinafanana." Umemtatulia shida, anakutatulia yako, na pengine hata unarudishiwa jirongo.

Kujaribu ni hapo hapo. Beba boksi, hata ka ni na nduthi, monita watakuazima. Stiki ikikaa inalia tik pande zote mbili, ikilia upande mmoja haijaingia. Washa. HP ya umri wa 800 G1 ikiwaka taa nyekundu na kulia mara tano, inalalamikia memori. OptiPlex inakonyeza taa ya manjano kwa kitufe. Usikate tamaa na ya kwanza. Chomoa, sugua zile pini za dhahabu na rababu ya shule, pole pole, futa vumbi ya sloti, rudisha. Stiki nyingi zenye zilisemekana zimededi zilikuwa zimechafuka tu. Ikiwaka, fungua CPU-Z pale pale, angalia saizi, angalia chaneli, angalia kaa jina la mtengenezaji linafanana na stika ya nje.

Usiku sasa ndio unaiweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwa flashi, unawasha mashine na hiyo flashi, unalala. Ikitoa kosa hata moja, hiyo stiki ni mbovu, hata ka Windows inafunguka vizuri. Ndio ile hukutoa kwa gemu dakika ya themanini na tisa. Kesho yake unairudisha na picha ya skrini. Risiti imechapwa chini kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya bidhaa za kiwango kinachofaa, na kipande cha karatasi hakiifuti. Wewe usianze na Katiba hata hivyo. Anza na salamu, halafu picha. Wakati wa kununua ulimwambia aandike kwa risiti jina la stiki na aina yake, DDR gani, U, spidi, si ati "RAM 8GB" pekee. Najua hapo atakuwa alikuangalia, akaangalia picha zako za sloti, akaona unahesabu chipu na kidole, akauliza, "Kwani we ni fundi?"

Usikatae. Bei ya fundi huwa chini.